Pemba: Kisiwa ambako popo na bundi wamegeuka kuwa hazina

KISIWA cha Pemba kinafahamika zaidi katika Afrika Mashariki kwa karafuu, uvuvi na sifa za waganga wake. Ni wachache wanaofahamu kwamba kisiwa hicho ndicho makao ya pekee duniani ya aina nne za ndege, pamoja na popo mkubwa ambaye nusura aangamizwe kwa bunduki na mitego.

Watalii wanaofika huko kutazama ndege si wengi wakilinganishwa na wale wanaofurika katika fuo za Unguja. Hata hivyo, ziara yao ina uzito wake. Viumbe wanaowafuata ni wale wale ambao kwa miaka mingi wenyeji wenyewe waliwaona kuwa kitoweo, wezi wa maembe au, kwa upande wa bundi, mjumbe wa msiba.

Kwa hivyo, mgeni anayeongozwa msituni Ngezi au kijijini Kidike hushuhudia jambo kubwa kuliko ndege. Hushuhudia jaribio la kijamii linalouliza iwapo kiumbe aliyeogopwa au kuwindwa anaweza kuwafaa watu zaidi akiwa hai.

Jibu la Pemba kufikia sasa linatia moyo, ingawa halijakamilika.

Kisiwa kilichojitenga

Pemba ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika Zanzibar, baada ya Unguja. Kiko umbali wa takriban kilomita 50 kutoka pwani ya Tanga, na urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni karibu kilomita 67. Sensa ya mwaka wa 2022 ilionyesha kuwa kina zaidi ya wakazi 540,000, ilhali ile ya mwaka wa 2012 ilihesabu watu wapatao 406,000.

Kwa Wakenya, kisiwa hiki si cha mbali. Wavuvi kutoka Pemba wameishi katika pwani ya Kilifi na Kwale kwa vizazi kadhaa, na mwaka wa 2023 serikali ya Kenya iliitambua rasmi jamii ya Wapemba kuwa miongoni mwa makabila ya nchi.

Linalokitofautisha kisiwa hiki na jirani yake Unguja ni kina cha bahari. Mkondo wa Pemba, unaokitenga na bara, una kina kinachofikia mamia ya mita. Unguja nayo imezungukwa na maji mafupi upande wa bara.

Wakati wa enzi ya barafu iliyopita, maji mengi ya dunia yalipoganda na bahari kushuka, Unguja iliungana na bara na wanyama wakavuka kwa miguu. Pemba ilibaki kisiwa. Wanajiolojia wanakadiria kwamba imejitenga kwa mamilioni ya miaka.

Utengano huo ulileta matokeo mawili. Kwanza, wanyama wakubwa hawakufika, na hata chui, ambaye alijulikana sana Unguja, hakuwahi kuwa mwenyeji wa Pemba. Pili, ndege na wanyama wachache walioweza kufika kwa kuruka au kwa kubebwa na mawimbi walibadilika polepole hadi wakawa aina za pekee.

Ndege wanne wasiopatikana kwingine

Ndege wa kwanza kati ya wanne hao ni bundi mdogo wa Pemba. Wa pili ni ninga wa Pemba, njiwa wa kijani mwenye kijivu kichwani na kifuani. Wa tatu ni chozi wa Pemba, anayenyonya maji matamu ya maua. Wa nne ni kijindege cha rangi ya manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho.

Majina yao ya kisayansi yanahifadhi kumbukumbu za watu waliowachunguza. Kile kijindege chenye jicho jeupe kiliitwa jina la Vaughan, Mwingereza aliyechunguza ndege wa Unguja na Pemba katika miaka ya 1920. Bundi na ninga walielezwa rasmi na Pakenham, mtumishi wa utawala wa kikoloni wa Zanzibar, mwaka wa 1937 na wa 1940 mtawalia.

Bila shaka wenyeji waliwajua ndege hao muda mrefu kabla ya majina hayo kuandikwa vitabuni. Mkulima wa mikarafuu aliyeamka usiku kulinda mavuno yake alikuwa amekwisha kuisikia sauti ya bundi huyo mara nyingi kuliko mtaalamu yeyote.

Shirika la kimataifa la uhifadhi wa ndege, BirdLife International, limekiorodhesha kisiwa kizima cha Pemba kuwa eneo maalumu la ndege wasiopatikana kwingine. Si visiwa vingi vyenye ukubwa wa chini ya kilomita 1,000 za mraba ambavyo vimepata hadhi hiyo katika upande huu wa Afrika.

Ngezi, masalio ya msitu wa kale

Ziara nyingi huanzia katika msitu wa Ngezi, ulioko kaskazini magharibi mwa kisiwa, karibu na mji mdogo wa Konde. Msitu huu una takriban hekta 1,440 na ndio mkubwa zaidi kati ya misitu ya asili iliyosalia Pemba.

Zamani, sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa na misitu. Hali ilibadilika katika karne ya 19, wakati wa utawala wa masultani wa asili ya Oman, mikarafuu ilipoanza kupandwa kwa wingi. Kimbunga cha mwaka wa 1872 kilipoharibu mashamba ya Unguja, Pemba ndiyo iliyonusurika na kuwa shina la karafuu za Zanzibar hadi leo.

Ngezi ilisalia kwa kiasi fulani kwa sababu udongo wake wa mchanga haukufaa mikarafuu. Ndani yake mna mivule mirefu, vinamasi vya miwaale, mikoko upande wa bahari na hata uwanda wa vichaka vya aina ambayo kwa kawaida huonekana milimani.

Aidha, msituni mnamea mpapindi, mti wa jamii ya mnazi unaopatikana Pemba pekee. Ndugu zake wa karibu wako Madagascar, jambo linalowafanya wataalamu wa mimea kuitazama Ngezi kama daraja kati ya Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi.

Barabara ya kuelekea Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa, hupita katikati ya msitu. Mgeni anayepita hapo kwa gari huona kivuli na miti mirefu kwa dakika chache, kisha hutokea upande wa pili akidhani ameuona msitu. Kumbe hajaona kitu.

Kazi ya mwongozaji

Msitu wa kitropiki haufanani na mbuga. Katika Maasai Mara au Tsavo, mtalii huketi ndani ya gari na mnyama huonekana akiwa mbali. Ngezi ni kinyume. Majani ni mengi, mwanga ni hafifu, na ndege aliye umbali wa hatua kumi anaweza asionekane kabisa.

Hapo ndipo umuhimu wa mwongozaji unapodhihirika. Yeye hutafuta kwa masikio kabla ya kutumia macho. Husimama, huinua kidole, husikiliza, kisha huonyesha tawi ambalo mgeni alikuwa ameliangalia kwa muda bila kuona chochote.

Ujuzi huo hautokani na vitabu pekee. Mwongozaji aliyezaliwa karibu na msitu anajua ni mti upi wa jamii ya mkuyu umezaa wiki hiyo. Anajua kwamba ninga hula matunda ya mti huo na kwamba ndege huyo, licha ya ukubwa wake, hutulia kimya majanini hadi rangi yake ya kijani imfiche.

Badala ya kuzunguka msitu mzima akimtafuta ninga, mwongozaji humpeleka mgeni chini ya mti wenye matunda na kumwomba asubiri. Ganda la tunda linapodondoka, basi ndege yuko juu.

Kwa chozi, mbinu ni tofauti. Ndege huyu hupenda maua, na mara nyingi ni rahisi kumwona kandokando ya msitu, bustanini au hata karibu na nyumba kuliko ndani ya kivuli kizito. Dume hung'aa rangi ya kijani ya metali na urujuani kifuani jua linapompiga. Likijificha nyuma ya wingu, huonekana mweusi tu.

Kijindege chenye jicho jeupe nacho husafiri kwa makundi madogo, kikiruka kutoka kichaka hadi kichaka huku kikitoa sauti nyembamba. Ndicho rahisi kuonekana kati ya wote wanne, kwa sababu hakikukataa kuishi na binadamu. Kinapatikana mashambani, vijijini na hata mijini.

Wakati bora wa kutembea ni alfajiri hadi kiasi cha saa nne asubuhi. Baada ya hapo joto hupanda, ndege hunyamaza, na msitu huonekana kana kwamba umehamwa.

Wanyama wa msituni

Mbali na ndege hao wanne, msituni na pwani yake huonekana ndege wengine wenye kuvutia. Mmoja wao ni tumbusi mweupe na mweusi ambaye, kinyume na jamaa zake wanaokula mizoga, hupendelea ngazi, yaani matunda ya mchikichi, na kaa.

Tumbili wa Pemba huonekana mara kwa mara kandokando ya barabara. Paa mdogo wa kisiwa hicho, ambaye kimo chake hakifiki goti la mtu mzima, ni mwoga zaidi na aghalabu mgeni huambulia kuona majani yakitikisika alipokuwa amesimama.

Mwaka wa 1974, kima punju wachache wa Unguja waliletwa na kuachiliwa huru Ngezi kwa matumaini ya kuanzisha kizazi cha pili mbali na msitu wa Jozani. Wanyama hao hawakutoweka, lakini pia hawakuongezeka kama ilivyotarajiwa. Kisa chao hutumiwa na wataalamu kama onyo kwamba kumhamisha mnyama ni rahisi kuliko kumfanya astawi ugenini.

Usiku una wakazi wake. Komba hulia kama mtoto mchanga, na pelele, mnyama mdogo apandaye miti, hutoa mlio mkali ambao humtia hofu asiyeufahamu. Mwongozaji mzuri humweleza mgeni sauti hizo mapema, kabla giza halijaingia.

Bundi na hofu ya kale

Kilele cha ziara kwa watazamaji wengi wa ndege ni kumpata bundi mdogo wa Pemba. Hapa ndipo utalii unapokutana ana kwa ana na imani za watu.

Katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, bundi akilia juu ya paa huhesabiwa kuwa mkosi. Husemwa kwamba analeta habari za kifo, na si ajabu kumwona mtu akimfukuza kwa mawe au kwa moto. Kwa ndege ambaye hana makao mengine duniani, kila jiwe lina gharama.

Bundi huyu ni mdogo, si mkubwa kuliko njiwa wa kawaida. Ana macho ya manjano na manyoya ya hudhurungi au yenye wekundu. Mlio wake ni mfupi, wa sauti moja, unaorudiwa baada ya kitambo kidogo, na mara nyingi mwenzake hujibu kutoka mti wa pili.

Mwongozaji humsubiri wakati wa magharibi, mwanga unapofifia. Mlio ukisikika, humwelekeza mgeni polepole, tochi ikiwa imezimwa, hadi wawe karibu na mti. Mwanga huwashwa kwa muda mfupi tu na hauelekezwi machoni mwa ndege, kwa kuwa bundi aliyepofushwa kwa tochi huwa mawindo rahisi.

Suala la kutumia sauti zilizorekodiwa kumwita ndege limezua mjadala miongoni mwa watazamaji wa ndege kote duniani. Bundi anayesikia sauti hiyo hudhani mpinzani ameingia katika eneo lake, akaacha kuwinda na kuja kupigana na adui asiyekuwepo. Likifanyika mara moja huenda lisidhuru. Likifanyika kila usiku mahali pamoja, linaweza kumhamisha. Ndiyo maana waongozaji waangalifu hutegemea subira zaidi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba bundi huyu haishi msituni pekee. Husikika pia katika mashamba ya mikarafuu yenye miti mikubwa na vichaka. Kwa maneno mengine, hatima yake iko mikononi mwa wakulima wa kawaida kama ilivyo mikononi mwa walinzi wa msitu.

Popo wa Kidike

Kutoka Ngezi, wageni wengi husafiri kuelekea kusini hadi kijiji cha Kidike, kaskazini mwa mji wa Chake Chake. Hapo, juu ya miti mirefu karibu na makazi ya watu, hulala mamia ya popo wakubwa wakiwa wamening'inia kichwa chini.

Popo wa Pemba ni miongoni mwa popo wakubwa wa Afrika. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia upana wa zaidi ya mita moja na nusu. Kichwa chake chenye manyoya ya rangi ya machungwa hufanana na cha mbweha mdogo, na hana haja ya kutafuta mawindo gizani kwa mwangwi kama popo wadogo, kwa sababu chakula chake ni matunda na maua.

Jamaa zake wako Madagascar, Comoro, Ushelisheli na bara la Asia. Ukoo huo umefika katika visiwa vya Pemba na Mafia, lakini haukuwahi kujenga makao katika bara la Afrika, licha ya kwamba bara liko umbali mfupi tu kwa mnyama mwenye mabawa kama hayo.

Katika karne ya 20, popo huyu aliwindwa kwa ajili ya nyama. Mitego ya jadi iliwanasa wachache kwa wakati mmoja, lakini bunduki zilipoenea ziliweza kutawanya kundi zima kwa asubuhi moja. Miti mikubwa ya kulala nayo ilikuwa ikikatwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walihofia kwamba mnyama huyo alikuwa ukingoni mwa kutoweka, na mwaka wa 1996 aliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa zaidi duniani.

Isitoshe, jina lake lilibeba hofu. Mwaka wa 1995 Pemba ilikumbwa na taharuki ya Popobawa, shetani wa simulizi ambaye kivuli cha mabawa yake kilisemekana kuwashambulia watu usiku. Watu walilala nje kwa makundi wakikesha kando ya moto. Popo halisi hakuhusika kwa lolote, lakini haukuwa wakati mwepesi wa kumtetea mnyama mwenye jina hilo.

Pamoja na hayo, ni katika miaka hiyo hiyo ya 1990 ambapo juhudi za kumwokoa zilianza. Kwa msaada wa wahifadhi kutoka nje, vilabu vya mazingira viliundwa vijijini, watoto wakafunzwa shuleni kuhusu popo, na wanavijiji wakakubaliana kuyalinda maskani yake. Baadhi ya maskani hayo yalikuwa yamenusurika kwa sababu nyingine kabisa. Yalikuwa katika miti ya makaburini, mahali ambapo watu waliona vibaya kukata miti au kufyatua risasi.

Matokeo yalizidi matarajio. Hesabu iliyofanywa mwaka wa 2006 ilionyesha kwamba popo hao walikuwa wamefikia takriban 20,000. Mwaka wa 2008 mnyama huyo aliondolewa katika daraja la hatari kubwa zaidi na kuwekwa katika daraja lenye nafuu, ingawa bado anahesabiwa kuwa hatarini.

Huko Kidike, wanakijiji hutoza wageni ada ndogo, huwaongoza hadi mahali pa kutazamia na kuwaomba wasipige kelele. Ni mpango mdogo usiohitaji majengo ya fahari. Mtaji wake ni miti iliyoachwa imesimama na makubaliano ya watu kutoigusa.

Wakulima wengine, hata hivyo, hawajaridhika. Popo hula maembe na matunda mengine ya mashambani, na mwenye mwembe haoni fahari ya kimataifa anapokuta matunda yake yametafunwa. Wahifadhi hujibu kwamba popo huyo huyo huchavusha maua usiku na kusambaza mbegu mbali, hivyo kupanda miti ambayo hakuna binadamu aliyeipanda. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini humshawishi mkulima zaidi yanapoandamana na kipato.

Kisiwa kama msala

Ziara nyingi hukamilikia baharini, katika kisiwa kidogo cha Misali kilichoko magharibi mwa Chake Chake. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba Nabii Hadhara aliomba msala wa kusalia, na alipokosa akasema kwamba kisiwa hicho, kinachoelekea kibla, kingekuwa mfano wa msala. Ndipo jina Misali likapatikana.

Eneo la Misali lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1998. Kasa na ng'amba hutaga mayai katika fuo zake, na matumbawe yake ni tegemeo la wavuvi wengi wa Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisiwa hicho kilivutia macho ya dunia kwa njia isiyo ya kawaida. Sheria za serikali dhidi ya uvuvi haramu zilikuwa hazitiliwi maanani sana, hivyo mafundisho ya Kiislamu kuhusu uangalizi wa viumbe yakaanza kutolewa kwa wavuvi kupitia viongozi wa dini. Ujumbe kwamba binadamu ni mdhamini tu wa neema za Mungu uliwafikia watu ambao tangazo la ofisini halikuwagusa.

Misali inatoa fundisho lile lile la Kidike. Uhifadhi hushika mizizi pale unapozungumza lugha ambayo watu tayari wanaiheshimu, iwe ni heshima ya makaburi, mafundisho ya dini au mapato yanayoonekana.

Mzigo wa msitu mmoja

Mafanikio hayo hayapaswi kuficha shinikizo lililopo. Idadi ya wakazi wa Pemba iliongezeka kwa zaidi ya watu 130,000 katika kipindi cha miaka 10 kati ya sensa mbili za mwisho. Wote hao wanahitaji kuni, mkaa, mbao na ardhi ya kulima, nao msitu hauongezeki.

Vilevile, katika miaka ya karibuni serikali ya Zanzibar imekuwa ikihimiza wawekezaji kuelekeza fedha zao Pemba, ambako hoteli bado ni chache. Fuo zinazopakana na Ngezi, kama vile Vumawimbi, ni miongoni mwa zile zenye mvuto mkubwa. Hoteli inaweza kuleta ajira na wageni wa kutazama ndege. Inaweza pia kukata msitu ambao ndio uliowafanya wageni hao waje.

Kenya ina uzoefu unaofanana na huo. Msitu wa Arabuko-Sokoke katika kaunti ya Kilifi, wenye kilomita 420 za mraba, ni makao ya bundi mdogo wa Sokoke, jamaa wa yule wa Pemba. Vijana wa eneo hilo walifunzwa uongozaji, na tangu mwaka wa 2001 shirika la A Rocha Kenya limekuwa likitumia sehemu ya fedha za utalii kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu.

Mpango wa namna hiyo hubadilisha hesabu ya mzazi. Mti uliokatwa hulipa mara moja. Mti unaomlaza bundi ambaye mgeni husafiri maelfu ya kilomita kumwona unaweza kulipa karo mwaka baada ya mwaka, mradi fedha hizo zimfikie kweli anayeishi kando yake.

Kwa anayetaka kuzuru

Pemba hufikiwa kwa ndege kupitia uwanja ulioko karibu na Chake Chake, au kwa meli kutoka Unguja. Kutoka Chake Chake, magari ya abiria huelekea Wete na Konde. Mgeni wa Ngezi hushauriwa kulala upande wa kaskazini ili aweze kuingia msituni mapema na kurudi tena jioni kumtafuta bundi.

Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na hufanya njia za msituni kuwa za utelezi. Mvua za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Miezi ya kiangazi katikati ya vipindi hivyo ndiyo nafuu zaidi kwa matembezi, ingawa ndege hao wanne huwapo mwaka mzima.

Mahitaji si mengi. Darubini, tochi, viatu vilivyofunika mguu, maji ya kunywa na dawa ya kufukuza mbu vinatosha. Mavazi yawe ya rangi zilizotulia, na nje ya msitu mgeni avae kwa staha, kwa kuwa Pemba ni jamii ya Kiislamu inayothamini adabu hiyo. Wakati wa Ramadhani ni vyema kutokula hadharani mchana.

La muhimu zaidi ni kumpata mwongozaji wa pale pale. Atampunguzia mgeni saa nyingi za kutangatanga, na malipo yake yatabaki kijijini. Kila anayelipwa kuonyesha bundi ni mtu mmoja zaidi ambaye, usiku ndege huyo atakapolia juu ya paa la jirani, atakuwa na sababu ya kumwomba jirani aweke jiwe chini.